Bia nyeusi: uchungu wa kahawa au wa masizi?

SWALI: Kaka habari za kazi, mimi ni msomaji wako wa hapa Dar. Juzi tulikuwa na bethidei ya rafiki yetu, sehemu moja wanapika bia yao wenyewe palepale, wenzangu wakaagiza stauti, ile bia nyeusi, na mimi nikasema ngoja nijaribu, ikaja kwenye glasi imeganda barafu kabisa. Nilivyoonja nikahisi kitu kimeungua, halafu ulimi ukabaki mkavu kama nimetafuna bibo. Nikasema mbona hii mbaya, wakanicheka eti sijui bia. Sasa kweli stauti ndo inatakiwa iwe hivyo? Nitajuaje kama bia ni mbovu au mimi tu sijaizoea?

JIBU: Dada yangu, waliokucheka hawakukutendea haki. Huo ulimi mkavu ulioutaja ndo kitu ambacho jaji wa bia angekiandika kwenye karatasi yake, unaitwa ukakasi, na ukakasi sio uchungu, watu wengi wanavichanganya.

Weusi wa stauti unatokana na shayiri iliyokaangwa, mara nyingi shayiri ambayo haijaoteshwa kuwa kimea, inakaangwa mpaka inakaribia rangi ya buni. Kwa hiyo ifikirie kama kahawa ya kijiweni. Buni ikikaangwa vizuri unapata uchungu mtamu, unakunywa na kashata unaongeza kikombe, ila ikipitiliza motoni unakunywa masizi na uchungu unakung'ang'ania kooni hata sukari haisaidii. Stauti ni hivyohivyo. Uchungu wa kahawa au wa chokoleti nyeusi unatakiwa uwepo, na uchachu kidogo pia ni kawaida maana shayiri iliyokaangwa ina asidi yake, lakini ladha ya majivu hapana. Ukakasi wa bibo nao mara nyingi ni kosa la mpishi, labda kazisuuza nafaka kupita kiasi mpaka makapi yakatoa ukali wake, au maji hayakuendana na nafaka nyeusi. Maji ni jambo kubwa sana jamani, ya Dublin yana chokaa ya kutosha kupoza ile asidi, ndo moja ya sababu bia nyeusi ilikubali kule.

Ila kabla hujailaumu bia, ile glasi ya barafu ilikudhulumu. Baridi kali inauzima ulimi, utamu na harufu vinapotea unabaki na uchungu peke yake. Baa zetu mhudumu anauliza baridi au moto, stauti inataka katikati, kama nyuzi 10 hadi 13. Siku nyingine iache mezani dakika 15 piga stori kwanza.

Halafu nusa kabla hujanywa, nusa kwelikweli. Ukisikia kahawa, kakao, mkate uliokolea moto, uko salama. Harufu ya siagi kwenye bisi inamaanisha hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi, harufu ya boksi lililolowa ujue hewa imeingia bia imechoka, na siki ni vijidudu vimeingia. Hayo ni makosa hata kama baa nzima inaisifia. Onja mara tatu, usihukumu funda la kwanza, ulimi bado unashangaa tu, la tatu ndo linasema ukweli. Meza usikilize kinachobaki.

Kuna utaratibu wa majaji unaoitwa BJCP, ulianzia Marekani mwaka 1985, unatoa alama 50: ladha 20, harufu 12, hisia ya mdomoni 5, maoni ya jumla 10. Mwonekano ni 3 tu! Na sisi huku tunasifia "nyeusi tii hiyo, kali hiyo". Weusi hauna uhusiano na kilevi, Guinness Draught ya Ireland ina asilimia 4.2, sawasawa na Tusker ya njano.

Kwa hiyo jiulize maswali mawili na usiyachanganye, je imepikwa vizuri, na je mimi naipenda. Mimi binafsi stauti zilizotiwa kahawa nyingi sizipendi kabisa lakini nimeshazipa alama za juu kwa sababu zilistahili. Yako kwa maelezo yako, ukiinywa tena bila barafu na ukakasi bado upo, imekosewa, na mwambie mpishi wao kwa upole, anayejali kazi yake atashukuru.

SWALI: Eti stauti ya maziwa ina maziwa kweli? Tumbo langu halipatani nayo.

JIBU: Maziwa yenyewe kwa kawaida hayamo, kinachowekwa ni laktosi, ile sukari ya kwenye maziwa. Hamira ya bia haiwezi kuila, inabaki mpaka kwenye glasi ndo maana bia inakuwa tamu na nzito. Na ndo hiyohiyo inayosumbua matumbo mengi, kwa hiyo kaka iache, chukua stauti kavu, yaani isiyo tamu.