Unauza midoli? Usiangalie muvi imeingiza shilingi ngapi

Kila ikitoka katuni mpya inayovunja rekodi huko Marekani, naanza kuulizwa, eti dada nishushe mzigo wa hiyo katuni? Mi nauza vitu vya watoto na jibu langu ni lile lile, mauzo ya sinema na mauzo ya midoli usivichanganye kabisa.

Chukua Pixar tu, ile studio ya katuni ya Marekani. Cars ya 2006 iliingiza kama dola milioni 460 kwenye majumba ya sinema, mwaka uliofuata Ratatouille ikapita milioni 600, sasa niambie we ushawahi kuona mtoto analilia begi la panya mpishi? Wakati Cars, mpaka 2011 inatoka ya pili, bidhaa zake zilishauzwa karibu dola bilioni 10 duniani, magari, mashuka, chupa za maji, yaani kila kitu. Kigari ni kigari bwana, hata mtoto ambaye muvi hajaiona anakisukuma sakafuni huku ananguruma kwa mdomo, basi.

Frozen ndo ilibeba yote mawili, sinema ya 2013 ilipita bilioni 1.2 na mpaka leo shule zikifungua Januari begi la Elsa, yule malkia wa humo, halilali dukani. Ila za hivyo ni chache mno na huwezi kuzijua mapema, hata Disney wenye katuni yao 2014 magauni ya Elsa yaliwaishia.

Kutegemea muvi kuliwaumiza hata wakubwa. LEGO, wale wa matofali ya kuunganisha, walikuwa wanabebwa sana na seti za Star Wars na Harry Potter, 2003 haikutoka muvi mpya ya upande wowote, mauzo yakaporomoka na kampuni ikabaki kidogo ife, ndo baadae wakarudi kutilia mkazo tofali lao lenyewe. Barbie naye yuko sokoni tangu 1959, ile muvi kubwa ya 2023 imemkuta anauzika zamani.

Sasa we mwenye mtaji mdogo, hela nyingi weka kwenye magari, wanasesere na matofali ya kuunganisha ya kawaida, yanatoka polepole ila hayapitwi na wakati. Inayobaki ndo uchezee katuni, na chukua zile za siku nyingi ambazo watoto wa chekechea wanazirudia mpaka mama mtu kashika nyimbo zote. Feki usiguse, FCC, ile Tume ya Ushindani inayokamata bidhaa bandia, wakipita mzigo wote unaondoka. Na mabegi vuta zipu moja moja kabla hujalipa, likikatika wiki ya pili mzazi hamfuati Elsa, anakufuata wewe.