Muulize Babu: Mromania aliyezizunguka ligi tano

Barua za mwezi huu karibu zote zinamhusu mtu mmoja, na kosa ni langu. Toleo lililopita nilimtaja Florin Răducioiu, mshambuliaji wa zamani wa Romania, kwa sentensi moja nikapita zangu. Haya, leo nalipa deni.

SWALI: Babu, shikamoo. Hapa kinyozini kwetu tumebishana mpaka wembe ukawekwa chini. Mwenzangu anasema Justin Kluivert ndiye wa kwanza kucheza ligi zote tano kubwa za Ulaya. Mimi nasema Stevan Jovetić alimtangulia. Tumewekeana kreti ya soda. Tuamulie. (Kinyozi, Tanga)

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Soda wapeni wateja, maana nyote mmekosa. Kweli Jovetić alimtangulia Kluivert, lakini wakati Jovetić yuko shule ya msingi, Răducioiu alikwisha kuimaliza safari hiyo. Alianza Italia mwaka 1990 na Bari, akaenda Verona, Brescia, kisha AC Milan. Mwaka 1994 akahamia Hispania, Espanyol. Mwaka 1996 Uingereza, West Ham. Mwaka 1997 Ujerumani, Stuttgart. Akaja kufunga hesabu Ufaransa na Monaco, msimu wa 2000/01. Huyo ndiye wa kwanza.

Ila usimwone mtu ana klabu nyingi ukadhani alikuwa anafuata pesa kama nzi afuatavyo kidonda. Kijana huyu alizaliwa Bucharest tarehe 17 Machi 1970, akakulia Dinamo, timu ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Watani wao, Steaua, walikuwa wa jeshi. Kwetu timu za askari tunazijua, kwa hiyo hilo halihitaji maelezo. Enzi za Ceaușescu, mtawala wa Romania, mchezaji hakuondoka nchini kwa hiari yake. Desemba 1989 utawala ule ukaanguka, na kiangazi kilichofuata, baada ya Kombe la Dunia la Italia, mlango ukafunguka kwa kishindo. Hagi, nyota wao mkubwa, kaenda Real Madrid, Lăcătuș Fiorentina, na Răducioiu, mwenye miaka ishirini tu, Bari.

Na alikokwenda hakukuwa na kitanda cha raha. Verona ilishuka daraja mwaka 1992. Brescia nako alikutana na Hagi, Sabău na Mateuț, chini ya kocha Mircea Lucescu aliyekuwa amemlea Dinamo. Wataliano wakasema timu imegeuka ya Waromania. Msimu ule wa 1992/93 alifunga mabao 13 katika Serie A, yaani ligi kuu ya Italia, tena wakati ambapo mabeki wa Italia walikuwa wakikukaba mpaka unasikia wamekula nini mchana. Brescia ikashuka vilevile, kwa mechi ya mchujo dhidi ya Udinese. Mabao 13, halafu daraja la pili! Hapo ndipo Milan walipomchukua.

Sasa sikiliza jambo ambalo vijana wa leo hamlijui. Wakati huo klabu ya Italia iliruhusiwa kuchezesha wageni watatu tu katika mechi. Milan walikuwa na Papin, Savićević, Boban, Brian Laudrup, na baadaye akaja Desailly. Hesabu mwenyewe. Răducioiu alicheza mechi saba za ligi, akafunga mbili, nyingine zote akasugua benchi au akakaa jukwaani na suti yake. Milan walichukua ubingwa wa Italia na wa Ulaya, wakiifunga Barcelona 4-0 kule Athens, naye hakugusa mpira siku hiyo. Medali anazo. Mimi niliwahi kukaa benchi msimu mzima timu ya mtaa, na nakwambia, heshima ya medali ya namna hiyo anaijua mwenye nayo.

SWALI: Shikamoo Babu. Baba yangu kila likija Kombe la Dunia hutukatizia tamthilia atusimulie Răducioiu wa 1994. Ni kweli alikuwa hatari hivyo, au ni uzee? (Binti wa Kisauni, Mombasa)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baba yako hajaongeza chumvi. Huenda hata nilikaa naye uani pamoja.

Nilikuwa Majengo wakati huo. Jirani yetu alikuwa na televisheni ya Great Wall, nyeusi na nyeupe, akaiweka dirishani ikatazama uani, na sisi juu ya mikeka. Michuano ilikuwa Marekani, kwa hiyo kwetu ni usiku wa manane. Romania na Colombia ilianza saa nane na nusu usiku. Wote tulikuwa upande wa Colombia kwa sababu Pelé alisema ndio watakaochukua kombe. Dakika ya 15 Răducioiu akapokea pasi ya Hagi, akaingia nao mpira, beki huyu kushoto, yule kulia, akampelekea kipa Córdoba kona ya mbali. Hagi akafunga lile lake la kutoka pembeni kabisa, ambalo watu wanalikumbuka hadi leo. Colombia wakarudisha moja. Dakika ya 89, kipa katoka golini, Răducioiu akamzunguka, akasukumiza wavuni. 3-1. Asubuhi Majengo nzima ni Waromania.

Kilichomfanya awe hatari si nguvu, maana mwili wake ulikuwa wa kawaida tu. Ilikuwa ile hatua ya kwanza. Wewe beki unageuka, yeye amekwisha kufika. Na mfungaji wa aina hiyo anahitaji mtu wa kumwona akianza kukimbia. Romania alikuwepo Hagi. Kwingine kote alikopita, isipokuwa ule msimu wa Brescia, hakumpata mtu wa hivyo, na mimi nashikilia kwamba hiyo ndiyo siri ya kuhamahama kwake.

Mechi na Argentina hakucheza, alikuwa na kadi mbili za njano. Kocha Iordănescu akamsogeza Dumitrescu mbele, akafunga mawili, Hagi la tatu, Argentina wakaaga 3-2. Moja ya mechi tamu kupita zote nilizowahi kuona, na mshambuliaji wao mkuu amekaa anaitazama!

Ndipo ikaja robo fainali na Sweden, tarehe 10 Julai. Brolin akawatanguliza Sweden dakika ya 78. Dakika ya 88 Hagi akapiga mpira wa adhabu, ukagonga ukuta, ukamwangukia Răducioiu, naye hakuuliza mara mbili. Muda wa nyongeza, dakika ya 101, beki Patrik Andersson akashindwa kuuondoa mpira, na yule bwana yuko pale pale. 2-1. Uani watu wamesimama, mtoto kamwaga kahawa ya wazee, na kabla kelele hazijatulia, umeme ukakatika.

Tukangoja. Haukurudi. Tukaenda kulala tukijua Romania iko nusu fainali.

Asubuhi muuza mahamri ndiye aliyenieleza. Kennet Andersson kasawazisha kwa kichwa dakika ya 115, kipa Prunea kaufuata mpira hewani akaukosa. Penalti, Sweden 5-4. Răducioiu alifunga yake. Waliokosa ni Petrescu na Belodedici. Mahamri yale sikuyamaliza. Muulize baba yako kama aliziona penalti. Akisema aliziona, hakuwa Majengo.

Mabao manne katika mechi nne, mwanangu. Mwache asimulie.

SWALI: Jina lake linatamkwaje? Mtangazaji wetu husema "Radusiyoyu". (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Mwambie "Raduchoyu". Kwa Waromania, c ikifuatwa na i huwa ch. Ile a ya kwanza yenye kofia humezwa kidogo, lakini tusimtese mtangazaji.

SWALI: Babu, ni kweli West Ham alitoroka mechi akaenda dukani? (Shabiki wa Arsenal, Nakuru)

JIBU: Kocha wake, Harry Redknapp, amekisimulia kisa hicho mara nyingi: timu imesafiri kucheza Stockport, na Mromania yuko London akifanya manunuzi. Ni kisa kitamu na Redknapp ni msimulizi hodari, na kisa cha msimulizi hodari mimi hukipokea kwa mkono wa kushoto. Ninachoweza kukupa ni uwanja. Mechi 11 za ligi, mabao mawili. Moja lilikuwa Desemba 1996 dhidi ya Manchester United. West Ham wamefungwa 2-0, Răducioiu akampita beki na kumtungua kipa Schmeichel, dakika chache baadaye Julian Dicks akafunga penalti, sare 2-2. Mwezi uliofuata akarudi Espanyol. Mpira wa mateke na mipira mirefu kwenye tope la Desemba haukuwa wake, na alijua. Kama kweli alienda dukani, natumaini alinunua koti.

SWALI: Mzee, mgahawani kwangu nimetundika picha ya Romania ya 1998, wote wamepaka nywele rangi ya manjano. Wateja wanabishana Răducioiu ni yupi. (Mama wa mgahawa, Ujiji)

JIBU: Hayumo, mama. Mechi yake ya mwisho timu ya taifa ilikuwa 1996, mwaka alipofunga bao dhidi ya Hispania katika Euro kule Leeds. Jumla mechi 40, mabao 21. Zile nywele walizipaka baada ya kuwafunga Waingereza, wakaingia nazo uwanjani kucheza na Tunisia. Mmoja wa washambuliaji wao mwaka ule alikuwa Viorel Moldovan. Picha usiitoe, badilisha maandishi ya chini tu.