Kaka anauza nyumba ya makuti aliyotuachia baba: je, ana haki?

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, sheikh wetu. Baba yetu amefariki mwaka jana, Allah amrehemu. Ametuacha mama, kaka yetu mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kike mwenye miaka 11. Ameacha nyumba ya zamani ya makuti kijijini, karibu na bahari, ambayo aliirithi peke yake kwa babu. Serikali imeiorodhesha katika majengo ya kihistoria, na wageni husimama kuipiga picha. Sasa kaka ameitangaza inauzwa bila kutuuliza. Katika tangazo ameandika kuwa ina miaka 300 na paa jipya. Miaka hiyo hakuna aijuaye, na paa lililoezekwa upya ni la mbele tu. Upande wa nyuma, boriti ukiibonyeza kwa kidole, kidole kinazama, mchwa wameimaliza. Nikimwambia hunijibu kwamba mnunuzi anauziwa “kama ilivyo” na macho anayo. Babu alikuwa akisema, “Nyumba hii isiuzwe,” na kaburi lake liko uani. Je, maneno yake hayakuifanya nyumba kuwa wakfu? Kaka ana haki ya kuuza? Na mimi nisiyetaka iuzwe nifanye nini?

JIBU

Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh, dada yangu. Allah amrehemu baba yenu na amlipe mama subira yake.

Nianze na jambo ambalo hukuliuliza wazi, lakini liko katika kila mstari wa barua yako: uchungu wa kuona nyumba ya wazee inakwenda. Uchungu huo haukatazwi, na hata Mtume (s.a.w.) yalimfika mambo kama hayo. Alipokuwa anakaribia kuingia Makka, Usama bin Zayd (r.a.) alimuuliza: kesho utashukia wapi, nyumbani kwako? Akamjibu: “Kwani Aqil ametuachia nyumba?” Hadithi iko katika Bukhari na Muslim. Aqil ni mtoto wa Abu Talib. Yeye na ndugu yake Talib ndio waliomrithi baba yao, na wanazuoni wameeleza kwamba nyumba zile ziliuzwa. Mtume (s.a.w.) aliuingia mji akiwa mshindi, mji mzima uko mkononi mwake, na hakumwondoa mtu katika nyumba zile.

Kuna na habari ya vyumba vya wake zake, ambavyo kuta zake zilikuwa za matofali ya udongo na makuti ya mtende yaliyokandikwa. Al-Hasan al-Basri alisema kwamba alipokuwa kijana, zama za Uthman (r.a.), alikuwa akiingia humo na kuzigusa dari kwa mkono wake. Baadaye Khalifa al-Walid bin Abdulmalik aliamuru vibomolewe ili msikiti upanuliwe, na watu wa Madina wakalia. Ibn Saad amepokea kwamba Said bin al-Musayyib alitamani vingeachwa kama vilivyo, ili watoto wa Madina na wageni waje waone Mtume alitosheka na nini katika maisha yake. Basi usione haya kuipenda nyumba ya makuti. Lakini ukongwe wake peke yake hauharamishi kuiuza.

Tuje kwenye maneno ya babu. Asili ya wakfu ni Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar akamtaka shauri Mtume (s.a.w.), naye akamwambia: ukitaka, izuie asili yake na utoe sadaka mapato yake. Umar akaitoa kwa sharti kwamba isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, na akawataja wanaofaidika nayo: mafukara, jamaa, wasafiri na wengineo. Hapo kuna neno la kutoa na kuna wa kupewa. Babu, kwa ulivyonieleza, alisema “isiuzwe” tu. Hakusema “nimeiweka wakfu” wala “nimeitoa sadaka”, na hakumtaja wa kupewa. Maneno ya namna hiyo ni wasia wa mzee anayependa nyumba yake. Yanastahili heshima, ila hayawafungi warithi. Isitoshe, baba yenu aliichukua kama mali ya urithi na hakuna aliyempinga.

Hata hivyo, kabla ya yote, fungueni sanduku la babu. Ikipatikana hati yenye tamko la wakfu, au mashahidi wawili waadilifu waliomsikia akitamka hivyo, jibu langu lote la chini linafutika: nyumba haiuziki, na hata urithi wa baba yenu haukuwa urithi. Nimeshaona karatasi ya namna hiyo ikitoka chini ya godoro baada ya pesa za nyumba kuliwa, na kuzirudisha ilikuwa kazi ya miaka.

Tukichukulia kuwa si wakfu, haya ndiyo mafungu baada ya kulipa madeni ya marehemu na kutekeleza wasia wake, ikiwa bibi, mama yake baba, hayuko hai. Mama anapata thumni, yaani moja ya nane, kwa aya ya 12 ya Suratun Nisaa, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja, kwa aya ya 11. Igaweni nyumba katika sehemu 32: mama 4, kaka 14, wewe 7, mdogo wenu 7. Kaka ndiye mwenye fungu kubwa kuliko kila mmoja wenu, lakini ninyi watatu kwa pamoja mna 18. Hana hata nusu ya nyumba anayoitangaza.

Akiuza yote bila idhini, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafii mauzo yanasihi katika fungu lake tu na yanabatilika katika mafungu yenu. Na hata hilo fungu lake si la kuuza kimya kimya. Jabir (r.a.) amepokea katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alihukumu shufaa, yaani haki ya mshirika kununua kwanza, katika kila ushirika ambao haujagawanywa, nyumba au bustani: si halali kwa mshirika kuuza mpaka amwarifu mwenzake, akitaka atachukua, akitaka ataacha, na akiuza bila kumwarifu, mwenzake ana haki zaidi. Hapa nyumba imetajwa kwa jina lake.

Hii ndiyo njia yako, dada. Fungu la kaka likiuzwa kwa mtu wa nje, una haki ya kulichukua kwa bei ileile aliyotoa mnunuzi. Lakini shufaa ni ya papo hapo: ukipata habari ya mauzo ukanyamaza bila udhuru, imekupita. Mashafii wengi wameweka sharti kwamba mali iwe inaweza kugawanywa na bado ikatumika kama ilivyokusudiwa; Mahanafi hawakuliweka. Kwa hiyo itazameni nyumba. Ikiwa ina milango miwili na vyumba vya kutosha pande zote za ukumbi, inagawika. Ikiwa ni chumba na ua, hapo kuna mjadala, na kadhi ndiye wa kuamua.

Kuhusu mdogo wenu nasema kwa ukali kidogo. Kaka hana mamlaka juu ya mali yake, hata kama ndiye anayemlisha na kumlipia shule. Kwa Mashafii, msimamizi wa mali ya mtoto ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha aliyeusiwa na mmoja wao, kisha kadhi. Na msimamizi mwenyewe haiuzi nyumba ya yatima ila kwa haja ya kweli, kama matumizi yake, au faida iliyo wazi, kama bei inayozidi sana thamani yake. Allah amesema msiikaribie mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora (al-An'am, 152). Mafungu 7 ya mtoto huyo hayaguswi mpaka kadhi, au anayesimama mahali pake huko mliko, aridhie kwa maandishi.

Sasa tangazo, na hapa ndipo nilipoumia zaidi nilipokuwa nasoma barua yako. Kaka anadhani neno “kama ilivyo” linamvua dhima. Abdullah bin Umar (r.a.), ambaye uchamungu wake haufichiki, aliwahi kuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti kwamba asiulizwe kasoro. Mnunuzi akaona maradhi na akashitaki kwa Uthman (r.a.). Uthman akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa akijua. Akakataa kuapa, akarudishiwa mtumwa. Kisa hiki kiko katika Muwatta ya Imamu Malik, na mwisho wake ni kwamba mtumwa yule alipona akauzwa kwa dirhamu 1,500. Katika madhehebu yetu ya Shafii, sharti kama hilo halimkingi muuza nyumba hata kidogo: kasoro ikijitokeza baadaye, na ilikuwepo kabla ya mnunuzi kukabidhiwa, ana haki ya kurudisha. Na mwenye kuijua akaificha ana dhambi juu yake.

Boriti inayobonyea kwa kidole mnunuzi haioni. Anaona makuti mapya mbele, anapiga picha, anaridhika. Hilo ni kama lile fungu la chakula sokoni ambalo Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono ndani yake akakuta chini kumelowa, akamwambia mwenyewe kwa nini hakuweka kilicholowa juu watu wakione, na akasema mwenye kughushi si katika yeye. Kuezeka upande wa mbele peke yake kisha kuandika “paa jipya” ni kulaza kikavu juu ya kilicholowa.

Na paa bovu si la kuonewa haya. Msikiti wa Mtume ulikuwa na paa la makuti ya mtende, ukavuja usiku mmoja wa Ramadhani, na asubuhi Abu Said al-Khudri (r.a.) akaona alama ya maji na tope kwenye paji la uso la Mtume. Kaka aandike: paa la mbele ni jipya, la nyuma lina mchwa. Aiondoe ile miaka 300, aandike “ya zamani” kama mnavyojua. Aseme pia kwamba nyumba imeorodheshwa, maana sheria za majengo ya namna hiyo mara nyingi humzuia mwenye nyumba kubadilisha paa au kuta bila kibali. Mnunuzi anayepanga kuweka mabati akaambiwa baada ya kulipa kwamba haruhusiwi, amedhulumiwa hata kama boriti zote ni nzima.

Kaburi la babu lisihamishwe. Nyumba ikiuzwa, kipande hicho cha ua kitolewe katika mauzo pamoja na njia ya kukifikia, kipimwe, kiandikwe katika mkataba.

Bei mtakayopata, ikiwa mtakubaliana wote kuuza, msiimalize kwa matumizi. Kuna hadithi kwa Ibn Majah, ambayo isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi, imezungumzwa, lakini baadhi ya wanazuoni wameipa daraja ya hasan (nzuri), kwamba anayeuza nyumba asiweke thamani yake katika mfano wake, habarikiwi nayo.

Mwambie kaka alishushe tangazo leo. Mengine zungumzeni mbele ya mama, na yeye ndiye atangulie kusema. Kimya chake katika barua yako nimekiona.

Wallahu aalam.