Mwanasesere wa milimani: kagua vazi kabla ya uso

Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, kumejaa wanasesere waliotengenezwa kwa mikono na kuvishwa kama watu wa makabila ya milimani: Wakaren, Wahmong, Waakha, Wamien na Walisu. Kosa linalowaharibu wengi ni nguo za watu wawili kurundikwa kwenye mwili mmoja.

Anza na Wakaren. Kimila, msichana asiyeolewa huvaa gauni refu jeupe. Akiolewa huhamia blauzi na sketi ya kufumwa. Blauzi hiyo mara nyingi hupambwa kwa mbegu nyeupe ngumu zinazong'aa kama shanga. Ukiikuta imevalishwa juu ya gauni jeupe, mrudishe mwanasesere huyo kwenye meza ya muuzaji. Mmien utamjua kwa kola nene ya sufu nyekundu inayoshuka kifuani, na Muakha kwa kofia iliyosheheni vifungo na sarafu.

Kazi hasa imo kwenye sketi ya Kihmong, ile ya marinda na batiki ya nili. Mwanasesere wa sentimita 30 ni mdogo mara tano na zaidi kuliko mwanamke wa kawaida, kwa hiyo ua la sentimita 5 lililokatwa kwenye sketi ya mtu mzima litamfunika paja zima. Ukishona mwenyewe, kiuno cha sentimita 15 kinataka kitambaa chembamba cha pamba chenye upana wa sentimita 75. Piga bandi mistari mitatu, kila tundu la sindano likikaa chini ya mwenzake, mishono ya milimita 3. Vuta nyuzi zote pamoja, nyunyiza maji kidogo, funga, acha hadi pakauke kabisa. Tundu likihama, rinda linapinda, na hakuna pasi ya kulinyoosha. Pasi italilaza tu.

Nili nayo huchuja. Bonyeza pamba nyeupe yenye unyevu upande wa ndani wa pindo kwa sekunde kumi. Ikitoka buluu, usifue. Weka bitana nyeupe kati ya nguo na mwili, maana doa likishaingia kwenye mwili wa kitambaa halitoki.

Sarafu za alumini kwenye kofia ya Muakha hazina aibu. Za kweli ni nzito, huinamisha kichwa na kuchana kofia. Ukungu wa kijani kwenye tundu ni shaba iliyopata unyevu: futa kwa pamba kavu. Dawa ya kung'arishia fedha huchuruzika kwenye nguo.

Sufu ya Mmien ni chakula cha nondo. Mtie kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, weka kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukimtoa usiufungue mfuko siku hiyohiyo. Uache upate joto la chumba, la sivyo umande utatua juu ya nili na utakuwa umejiletea kazi nyingine.