Dada, weka chini hiyo dawa ya meno: kikasha cha poda cha mama hakisuguliwi

Nimesoma uzi wako saa tano usiku nikiwa nimeshalala, nimeinuka kuandika. Unasema marehemu mama amekuachia kikasha cha poda cha zamani, cha duara, rangi ya dhahabu, maua juu ya kifuniko, ndani kimeandikwa Stratton, na pembeni kimeingia madoa meusi. Unauliza waliokitengeneza ni akina nani, ni cha lini, kina thamani gani, na pafu, kile kitambaa laini cha kujipakia poda, ya kuweka humo utaipata wapi. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo, unasema kesho jioni utakisugua kwa dawa ya meno, isipong'aa utahamia kwenye ndimu na majivu, ili Jumamosi mnunuzi akikute kinawaka.

Usikisugue. Usikisugue kwa dawa ya meno, usikisugue kwa majivu, usikisugue hata kwa kanga kuukuu yenye unyevu. Watatu waliokujibu kabla yangu wakakwambia "ndimu ni kiboko ya shaba" wanazungumzia sufuria, na ninyi watatu nawaomba radhi mapema kwa ukali, lakini ushauri wenu utamharibia dada urithi wake.

Mimi naishi Birmingham, Uingereza, mji ambao huyo Stratton wako alitengenezewa. Ni mwaka wa tisa sasa nanunua na kuuza vikasha hivi. Huku Jumapili alfajiri watu hupanga magari uwanjani, hufungua buti, wanauza vyombo vya nyumbani, na kwenye masanduku ya vijiko na vikombe vilivyopasuka ndimo vikasha vinapolala. Hiyo ndiyo shule yangu, na karo niliilipa kwa mkono mmoja. Ndiyo, mkono. Ngoja nieleze.

Kulikuwa na kampuni Marekani ikiitwa Volupté, ya Elizabeth, New Jersey. Miaka ya 1940 walitoa kikasha chenye umbo la kiganja cha mwanamke: vidole vyembamba vimelala pamoja, ukifungua unakuta kioo na mahali pa poda. Kuna vilivyokuwa vya rangi ya dhahabu mtupu, kuna vilivyovalishwa kama glavu ya lesi, kuna vyenye kucha zilizopakwa rangi nyekundu. Wanaokusanya vitu hivi wanautafuta mkono huo kama watu wanavyotafuta kiwanja Masaki. Mimi nikaupata mwaka wangu wa pili tu kwenye biashara, wa kucha nyekundu, ndani ya sanduku la vifungo vya nguo. Mama aliyeuza alisema ulikuwa wa shangazi yake aliyewahi kuolewa na Mmarekani. Nikalipa pauni 12. Nilitembea hadi kituo cha basi nimeushika ndani ya mfuko wa koti, sikuthubutu kuuweka kwenye begi.

Jioni nikautupia picha mtandaoni. Haikupita saa moja, mkusanyaji mmoja wa London akaniandikia: pauni 190, na nauli ya posta juu yake. Mtu mwenye akili anafunga biashara hapohapo. Mimi nikajiambia, kama ameutaka ukiwa umefifia na una kutu ya kijani kwenye bawaba, akiuona unameremeta si atafika 250? Nikamjibu anipe siku mbili niusafishe.

Na hapa ndipo anaingia yule bwana. Kuna muuzaji mmoja wa vyombo vya shaba sokoni, meza yake imejaa kengele na vinara vinavyong'aa mpaka unajiona meno. Nilimwonyesha mkono nikamuuliza unasafishwaje. Akaushika kama sekunde tatu. Hakuugeuza, hakuufungua, hakusoma jina lililogongwa ndani. Akasema, "Shaba ni shaba, dada. Kinachowaka ndicho kinachouzika." Kisha akaniuzia kopo la dawa ya kung'arishia, pauni 4. Nimemfikiria mtu huyu mara nyingi kuliko nilivyomfikiria mwanamume yeyote katika nchi hii. Miaka thelathini yuko kwenye biashara, kwa maneno yake mwenyewe, na kwake kila cha njano ni shaba. Kutokujua si dhambi. Ila ukiulizwa jambo usilolijua, unasema sijui, huuzi kopo.

Usiku nikakaa mezani jikoni, taa kali juu, kitambaa cha pamba, kopo wazi, ile harufu ya amonia inapanda puani. Nikaanza na kidole cha shahada. Misuguo mitano ya kwanza kitambaa kikawa cheusi, nikafurahi, nikaona uchafu unatoka. Nikaongeza nguvu. Nilipofuta kuangalia, ncha ya kidole ilikuwa na rangi nyingine. Vidole vinne vilikuwa na ule wekundu wa joto wa dhahabu, hiki kimoja kilikuwa njano mbichi, ya kukaribia kijani, kama bomba la jikoni. Na kucha yake nyekundu ilikuwa imeliwa, umebaki mstari mwembamba kwenye ukingo, kama kucha ya mtu aliyekaa wiki tatu bila kupaka upya.

Hapo ningesimama, ningebaki na mkono wenye kidole kimoja kibaya. Nikaona vidole havifanani, nikaamua kuvisugua vyote vifanane.

Vikafanana. Vyote bomba la jikoni. Kisha nikausuuza kwa maji ya bomba na sabuni ili dawa isibaki kwenye bawaba, nikaukausha vizuri kwa nje. Maji yalikuwa yameshaingia nyuma ya kioo. Kioo cha namna hii kimepakwa fedha mgongoni, na fedha hiyo ikipata unyevu inaoza taratibu. Wiki haikuisha, madoa meusi yakaanza kutambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Yule wa London nikamtumia picha mpya. Akajibu mstari mmoja: asante, hauhitaji tena. Hakuwa na kosa lolote. Alitaka mkono wa Volupté, mimi nilikuwa na kipande cha shaba chenye umbo la mkono. Bado ninao, uko kwenye droo ninapoandika haya, na kila nikifungua kutafuta gundi unanipungia.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ndimu na majivu yanapoingia. Sote tuliokulia pwani tumewaona bibi zetu wakikalia mkeka kabla ya Idi, sinia za shaba na madele ya kahawa mbele yao, ndimu, majivu, kumbi la nazi la kusugulia, na jioni vinang'aa kama vipya. Ni kweli kabisa, na ni sahihi, kwa sababu sinia la bibi ni shaba mpaka ndani. Ukiondoa tabaka la juu lililoungua, chini yake unaikuta shaba ileile. Kikasha cha poda si hivyo. Mwili wake kwa kawaida ni brasi nyembamba, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, juu yake kimechovywa dhahabu au kimepakwa kitu cha kufanana na dhahabu, na juu ya hapo kikapigwa vanishi isiyoonekana ili kisichafuke kwa jasho la mkono. Ile dhahabu ni nyembamba kuliko unywele, tena mbali sana. Dawa ya meno ina chembe za kukwaruza, ndiyo kazi yake mdomoni. Ndimu ni asidi, majivu ni msasa. Unachokisugua wewe si uchafu ulio juu ya kikasha, ni kikasha chenyewe.

Ndiyo maana kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka mniondoe humu jukwaani: jina kwanza, kitambaa baadaye. Aliyekitengeneza ndiye anayekwambia amekifunika kwa kitu gani.

Chukua huyo Stratton wako. Vingi vyao ni rangi ya dhahabu yenye vanishi, na yale maua unayoyaona kwenye kifuniko mara nyingi hayakuchorwa kwa mkono wala si enameli ya kuchomwa tanuruni. Ni picha iliyobandikwa ikafunikwa kwa tabaka la kung'aa. Ukilikwaruza tabaka hilo, maua yanaondoka na kitambaa, petali moja moja. Halafu ndani kuna kile kifuniko cha pili. Kama ukifungua cha nje, cha ndani kinainuka chenyewe bila kuguswa, basi kikasha chako si cha kabla ya 1948, maana huo ndio mwaka walioleta ufundi huo, ili mwanamke asivunje kucha akikikwangua. Kile kinachokiinua ni kidogo mno. Usikilazimishe, usikichokoe kwa sindano.

Kigu ni habari nyingine. Hao walikuwa London, familia ya fundi dhahabu kutoka Hungaria, Gustav Kiashek, ndiyo maana Ki na Gu. Kazi zao nyingi zina enameli, na enameli halisi ni kioo kilichoyeyushwa juu ya metali. Haipendi kubanwa, haipendi maji ya moto. Ikipasuka unyufa kama wa yai, hakuna fundi wa mtaani atakayekurudishia.

Elgin American nao wana lao. Yule bwana wa makopo aliwahi kuniuzia kimoja kwa bei ya juu akisema kimetoka kiwanda cha saa za Elgin. Uongo mwingine huo. Zilikuwa kampuni mbili tofauti zenye jina la mji mmoja, Elgin, Illinois, na hii ya vikasha ilikuwa tawi la Illinois Watch Case Company, watu wa makasha ya saa. Hao ndio ambao mwanzoni mwa miaka ya 1950 walitoa kikasha cha umbo la ndege kilichobuniwa na Salvador Dalí. Hicho ungekuwa umekisugua, dada, tungeomboleza jukwaa zima.

Na Coty, ambao kwanza walikuwa watu wa manukato na poda, wana makopo ya karatasi ngumu yenye ile michoro ya pafu ndogondogo. Pitisha kitambaa chenye maji hapo uone.

Najua kuna mtu ataniuliza, na cha fedha je? Haya. Kama kimegongwa alama za ukaguzi za Kiingereza, yaani simba anayetembea, pamoja na nanga kama kilikaguliwa Birmingham au kichwa cha chui kama ni London, hiyo ni fedha ya 925 na inavumilia kitambaa laini cha kung'arishia fedha. Lakini hata hapo usipitishe juu ya alama. Kuna herufi ndogo pembeni yake inayotaja mwaka, na nimeshika kikasha ambacho wapangusaji wa vizazi vitatu wameifuta herufi hiyo mpaka ikawa kidonda laini. Hakuna tena wa kusema ni cha mwaka gani.

Sasa hivi fanya hivi. Tandaza karatasi nyeupe mezani. Fungua kikasha polepole, kigeuze juu chini, kigonge mgongoni kwa kidole mara mbili tatu, poda ya zamani idondoke. Chukua brashi laini kavu, ya kupakia wanja au rangi ya maji, isiyowahi kutumika, ufagie kwenye bawaba na kuzunguka kioo ukielekea nje. Kijiti cha pamba kikavu kwenye kona. Poda iliyoganda ukutani iache, usiikwangue. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu. Basi, umemaliza kusafisha.

Yale madoa meusi ya pembeni yaache pia. Mnunuzi anayejua atayaona, ataona na dhahabu iliyobaki, atajua hakijachezewa. Asiyejua atakwambia ungekisugua kidogo. Huyo mwache aende. Na akikwambia atakusugulia yeye mwenyewe dukani kwake kabla ya kutaja bei, mpokonye mkononi, hata kama ni mtu mzima unayemwamkia shikamoo.

Kabla ya Jumamosi piga picha tatu mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu: kifuniko, maandishi yote ya ndani neno kwa neno, na bawaba kwa karibu. Ziweke hapa hapa kwenye uzi. Mimi kesho niko zamu mpaka saa kumi jioni, nikitoka tu naingia. Na hiyo dawa ya meno irudishe bafuni usiku huu huu, usiiache meza moja na kikasha.