Barua kwa Mwanangu: Kusoma kwa Ghibu, Mbele ya Mtu

Tanga, Ijumaa usiku

Assalaam alaykum warahmatullah, mwanangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nikiwa jikoni, mara ya pili barazani baada ya Isha, na mara ya tatu sasa hivi kabla ya kukaa kuandika, ili nisije nikajibu jambo ambalo hukuliuliza.

Umesema mwalimu wenu hapo Birmingham amewaonyesha picha za kurasa mbili kuukuu za Qurani zinazohifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu chenu, na mwenzako mmoja akasema afadhali hizo, maana ngozi haisahau lakini binadamu husahau. Ukanigeukia mimi: "Mama, nyinyi huko chuo cha Qurani mlikuwa mkikariri tu. Unajuaje kwamba ulichokikariri ndicho alichokisoma Mtume?" Halafu ukaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba ulisali msikitini kwa Wamoroko ukamsikia imamu katika Alhamdu anasoma "Maliki yaumiddin" pale ambapo mimi nilikufundisha "Maaliki", na moyo ukakwenda mbio.

Hukunivunjia adabu, mama. Umeuliza vizuri. Mimi niliyesomesha watoto wa watu miaka thelathini na ushei nikikwambia "amini tu, usiulize" nitakuwa nimekudhulumu.

Neno lililoniuma kidogo ni hilo la kukariri. Kukariri mtu hukariri peke yake, usiku wa kuamkia mtihani, na wiki inayofuata hana kitu kichwani. Sisi tulisomeshwa, kisha tukasikilizwa. Hayo ni mambo mawili, na ukiliacha hilo la pili hutaielewa Qurani imetufikiaje.

Bibi yako alinipeleka chuo sijui alifu wala be. Mwalimu wetu alikuwa kipofu. Mkewe ndiye aliyetuandikia somo ubaoni, kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Ukishaliweka moyoni somo lako unauosha ubao kwa maji, unaandikiwa jingine. Ubao ukishaoshwa huna pa kuchungulia. Tulikaa mkekani watoto kama ishirini, kila mmoja na sura yake, sauti juu, na mwalimu katikati yetu kainamisha uso kama mtu anayesinzia. Kumbe hakulala yule. Siku moja nimefika Suratul An'am, aya ya 151, pale Mwenyezi Mungu anapokataza watu kuwaua watoto wao kwa sababu ya ufukara. Nikasoma kwa kujiamini kabisa: "nahnu narzuquhum wa iyyakum." Bakora ikagonga mkeka.

"Hiyo ya Bani Israili. Rudi ulikotoka."

Nikarudi, nikasoma vilevile. Ikagonga tena. Mara ya tatu ndipo akanisomea yeye, polepole: "nahnu narzuqukum wa iyyahum." Sisi tunakuruzukuni nyinyi, na wao pia. Ile niliyoisoma mimi imo katika Suratul Israi, ambayo ndiyo hiyo Bani Israili, aya ya 31, na huko ni kinyume: tunawaruzuku wao, na nyinyi pia. Nilikuja kufahamu sababu yake nikiwa mtu mzima, nimeshakuzaa wewe. Katika An'am wazazi ni mafukara tayari, njaa imo ndani ya nyumba, basi wao ndio wanaoahidiwa riziki kwanza. Katika Israi wazazi wanauogopa ufukara utakaokuja na watoto, basi wanaotajwa kwanza ni watoto. Nafasi ya vijineno viwili tu, na mzee asiyeona, katika kelele za watoto ishirini, hakukubali vibadilishane.

Na yeye pia alikuwa na wa kumsikiliza. Ramadhani alikuwa akisalisha tarawehe, juzuu moja kila usiku, ili ifikapo mwisho wa mwezi juzuu zote 30 ziwe zimekwisha. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Usiku mmoja akiwa katika Suratul A'raf alifika kisa cha Bani Israili kuambiwa waingie mjini, akatanguliza kuingia mlangoni kabla ya kusema "hitta", neno la kuomba kufutiwa dhambi. Mpango huo ni wa Suratul Baqara. Katika A'raf kusema kunatangulia, kisha ndiyo kuingia. Hata hakumaliza aya, kutoka safu ya tatu sauti ikamfungulia, yaani ikamsomea ilivyo sahihi. Aliyemfungulia ni mvuvi, mtu wa ngalawa, hakuwa sheikh wala hakuwa na kilemba. Mwalimu akaipokea, akarudi, akaendelea na sala. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu ndiyo ada: imamu akikosea katika kisomo, anayejua humfungulia, hata akiwa mtoto.

Sasa lichukue jambo hilo ulitandaze. Kila Ramadhani, Tanga, Lamu, Jakarta, Istanbul, Kano, Qurani nzima inasomwa kwa sauti mbele ya safu za watu ambao ndani yao wamo wanaoijua kwa ghibu, yaani kwa moyo bila kutazama msahafu. Mwenzako amesema kweli, binadamu husahau. Mtume (S.A.W.) alilisema hilo kabla yake: alituamrisha tuidurusu Qurani, yaani tuirudie mara kwa mara, kwa sababu inaponyoka upesi kuliko ngamia katika kamba zake. Lakini anachokisahau mmoja msikitini Tanga, hawakisahau wote kwa siku moja na kwa kosa lile lile. Ndiyo maana hakuna mtu aliyewahi kuachiwa Qurani aishike peke yake.

Hata Mtume mwenyewe hakuishika hivyo. Kila Ramadhani Jibrili alikuwa akimjia wanadurusu pamoja. Mwaka wa mwisho wa uhai wake walidurusu mara mbili, na aliyenong'onezwa siri hiyo ni binti yake, Fatima. Mtume alimwambia kwamba anaona mauti yake yamekaribia. Kila nikilisoma hilo namkumbuka babu yako.

Maandishi nayo yalikuwapo, usije ukadhani yalikuja baadaye. Mtume alikuwa na waandishi, Zaid bin Thabit mmoja wao, nao waliandika juu ya makuti, mawe bapa, ngozi na mifupa. Alipofariki mwaka 632 vipande hivyo vilikuwa vimetawanyika kwa watu. Kisha ikaja vita ya Yamama, wakafa wengi katika waliohifadhi. Sayyidna Umar akaogopa, akamwendea Sayyidna Abubakar, aliyeshika uongozi baada ya Mtume, naye akamwita Zaid. Zaid alisema lau wangemkalifisha kuhamisha jabali lisingekuwa zito kwake kama kazi ile. Na tazama alivyoifanya. Yeye mwenyewe alikuwa amehifadhi, angeweza kukaa chini akaandika yaliyomo kifuani mwake. Hakufanya hivyo. Alikusanya kutoka kwenye maandishi na kutoka vifuani mwa watu, kimoja kikikishuhudia kingine. Mwisho wa Suratut Tawba hakuupata kwa maandishi ila kwa Ansari mmoja. Wanazuoni wanaeleza kwamba aya zile zilikuwa zikijulikana, ila hakuridhika kuziweka mpaka apate na maandishi yake.

Nyaraka zile zilikaa kwa Abubakar, kisha kwa Umar, na Umar alipouawa mwaka 644 zikabaki kwa binti yake, Hafsa. Nataka ulijue hilo kwa jina, kwa sababu wewe ni mwanamke na utakutana na watu watakaokwambia elimu hii ni ya wanaume. Sayyidna Uthman, khalifa aliyemfuata Umar, alipotaka kunakili misahafu, karibu na mwaka 650, baada ya Hudhaifa bin al-Yaman kurudi kutoka upande wa Armenia na Azerbaijan na kumweleza jinsi watu wanavyogombania kisomo, alimwendea Hafsa kuziazima, na baadaye akamrudishia.

Hapa ndipo napenda umweleze mwenzako yule. Misahafu ya Uthman haikuwa na irabu, na nukta zake ni kidogo mno au hamna kabisa. Be, te, the, nuni na ye katikati ya neno ni jino moja tu la kalamu. Mpe karatasi hiyo mtu asiyewahi kusomeshwa aone kama atavuka mstari mmoja. Ngozi haisahau, sawa, lakini haisemi. Ilihitaji mtu wa kuisomesha, ambaye naye kasomeshwa.

Katika mji uitwao Kufa, huko Iraki, alikuwako Abu Abdirrahman as-Sulami. Huyu aliipokea kutoka kwa Uthman mwenyewe hadithi ya Mtume kwamba aliye bora kati yenu ni aliyejifunza Qurani na akaifundisha, akasema hiyo ndiyo iliyomkalisha kwenye kiti chake. Inasimuliwa kwamba alisomesha katika msikiti wa Kufa miaka arubaini. Kutoka kwake akasoma Asim, kutoka kwa Asim akasoma Hafs, aliyefariki mwaka 796. Mimi na wewe tunasoma kisomo cha Hafs, na msahafu uliopigwa chapa Cairo mwaka 1924 ndio uliokieneza zaidi duniani. Niliposema miaka arubaini nilinyamaza kidogo. Mimi sijafika hapo na mgongo umeshachoka.

Sasa imamu wako wa Kimoroko. Hakukosea, mwanangu. Anasoma kisomo cha Warsh kutoka kwa Nafi' wa Madina, ndicho wanachokisoma wengi Afrika ya Kaskazini na ya Magharibi. Nafi' amepokea "Maliki", Mfalme wa siku ya malipo. Asim amepokea "Maaliki", Mwenye kuimiliki siku hiyo. Andika neno lile kama lilivyoandikwa katika misahafu ya kwanza: mim, lam, kaf. Linabeba visomo vyote viwili. Visomo hivi vina majina ya watu na minyororo ya walimu wao, na Ibn Mujahid, aliyefariki mwaka 936, alikusanya saba vilivyo mashuhuri katika kitabu. Mtu hachagui anavyopenda. Anasoma alivyosomeshwa. Ukisali kwao tena tulia, usikilize.

Jambo moja sitaki ulisikie kwa mtu mwingine kabla yangu. Mwaka 1972, walipokuwa wakikarabati Msikiti Mkuu wa Sana'a, Yemen, zilipatikana karatasi nyingi za misahafu ya zamani, na mojawapo ilikuwa imefutwa ikaandikwa tena juu. Yale maandishi ya chini yana maneno yanayotofautiana na msahafu wetu hapa na pale, na mpangilio wa sura tofauti. Watu watakuletea hilo kama siri iliyofichuliwa. Si siri. Vitabu vyetu wenyewe vinataja kwamba Maswahaba kama Ibn Mas'ud na Ubayy bin Ka'b walikuwa na nakala zao zenye tofauti, kwamba Uthman aliamrisha nakala nyingine zichomwe, na kwamba Ibn Mas'ud hakupendezwa. Wanazuoni wetu waliyaandika hayo bila haya zaidi ya miaka elfu kabla ya ukarabati ule. Yasome, usiyakimbie. Mimi yamenizidishia imani, kwa sababu watu waliotaka kutudanganya wasingetuachia habari za ugomvi wao.

Nakuja kwenye kurasa zenu. Nilimwomba kaka yako anitafutie, akanifungulia picha kwenye simu. Ngozi yake ilipimwa umri, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 ni kwamba mnyama wake alikufa kati ya mwaka 568 na 645, kwa uhakika wa asilimia 95.4. Kinachopimwa ni ngozi, wino haukupimwa, basi usiseme zaidi ya walivyosema wenyewe. Lakini mwanangu, niliitazama ile picha nikashindwa kuiweka simu chini. Ukurasa mmoja una Suratul Kahf, kisa cha vijana wa pangoni, sura tunayoisoma kila Ijumaa tangu hujazaliwa. Mwingine una mwisho wa Maryam, kisha inaanza Taha. Herufi zimelala upande, nukta za kuhesabu. Nilianza kutamka kabla jicho halijafika. Kaka yako akaniuliza, "Unausomaje huo, mama?" Nikamwambia siusomi, naudurusu.

Ndivyo nijuavyo, kama uliniuliza kwa dhati. Kuna bakora iliyogonga mkeka Tanga, kuna mvuvi wa safu ya tatu, na kuna mtu asiyejulikana jina aliyekaa na kalamu yake huko Arabuni, naye hakuwahi kusikia habari zetu. Tumekutana kwenye neno moja.

Mara ya mwisho uliponisomea Taha ulikuwa na miaka kumi na mitatu, na ulikuwa ukikwama penye aya ya 39. Jumapili, ukishasali Adhuhuri, fungua ile picha mbele yako kisha nipigie. Usome kwa ghibu, mimi nitakuwa na simu sikioni, msahafu umefungwa juu ya marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu. Ukikosea nitakufungulia. Ukurasa wao unafika aya ya 40, na sisi tutaishia hapohapo, pale Musa anapokumbushwa kwamba alirudishwa kwa mama yake ili macho ya mama yaburudike, asihuzunike.

Wasalaam,
Mama yako