Mwanangu, yule mzee alilijibu gari

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiza mara tatu. Ya kwanza nilikuwa kwenye feri honi zinalia sikupata kitu, ya pili babako anapiga kelele atiwe chai, ya tatu ndo nikakaa kibarazani nikaelewa. Unasema mwalimu wenu aliwaonyesha ule utafiti wa 2010 wa Afghanistan, wanaume 1,000 wa Helmand na Kandahar wakaulizwa habari ya Septemba 11, yale mashambulio ya Marekani ya 2001 yaliyowaletea majeshi ya kigeni, asilimia 92 wakasema hawajawahi kusikia kitu kama hicho, na darasa zima likacheka. Sasa waniuliza mimi, manake nshawahi kubeba fomu za kuhoji watu vijijini: yawezekana kweli mtu akaliwe na majeshi ya kigeni miaka tisa na asijue yamemjia kwa nini?

Yawezekana. Na mulivyocheka hamukufanya vizuri, lakini hilo ntalifikia.

Mimi kitu cha kwanza kilichonigonga ni hilo neno wanaume. Wanawake ndo wako nyumbani ndege ikipita na ndo wanaojua mtoto gani ameamka usiku akilia, na hawakuulizwa. Haya, tuendelee.

Unakumbuka ile miaka nilikuwa napotea wiki mbili tatu nawaachia kwa nyanyako? Tulikuwa tunapelekwa upande wa Kinango, huko Kwale, kuhoji watu mambo ya maji na afya, na kampuni iliyotuandika sitaitaja. Gari jeupe kubwa, kofia na fulana zenye nembo, na fomu kurasa kumi na mbili. Boma moja tukamkuta mzee wa Kiduruma amekaa chini ya mwembe anasuka kamba. Nikamuamkia, nikatoa fomu, nikamuuliza mzee waridhika na huduma ya maji, sana, kiasi, au huridhiki? Akaangalia gari. Akasema sana. Afya? Sana. Barabara? Sana, na barabara yenyewe ilikuwa imetutoa meno njia nzima. Nikamaliza, nikaomba maji ya kunywa. Mkewe akaniletea kikombe cha bati na ndani yake maji rangi ya chai ya maziwa, na akaniambia pole mwanangu, mjukuu ameyafuata tangu alfajiri ndo kwanza ameingia. Nikamgeukia mzee, mzee mbona waniambia waridhika? Akacheka mpaka kamba ikamtoka mkononi. Akanambia, "Mimi nimelijibu gari, sikukujibu wewe."

Na mimi nikaacha palepale nilipotia tiki, "sana". Fomu haikuwa na kisanduku cha gari. Ripoti ilipotoka ati wananchi wameridhika, sikusema kitu, nilikuwa nataka malipo yangu na wewe una deni la karo.

Sasa hapo Kinango hakuna vita, hakuna bunduki, na ukijibu vibaya kubwa litakalokupata ni kukosa mradi. Hebu mpeleke huyo mzee Kandahar. Mchana lapita jeshi la kigeni na mkalimani, usiku wanapita Taliban, asubuhi mlango wa msikiti una barua ya usiku, ndo wanavyoziita, ati atakayeshirikiana na wageni tutamchinja. Kisha anakuja kijana na kalamu, unajua nini kuhusu hili, waonaje kuhusu lile. Na wewe wajibu nini? Sijui ndo jibu lisiloua mtu.

Lakini nisikudanganye, sidhani ni uoga peke yake, wengi nadhani hawakujua kweli. Nyumba haina stima wala TV, ile picha ya majengo yanayoanguka ambayo sisi tuliiona mpaka tukachoka hawajaiona hata siku moja. Na vita kwao havikuanza 2001. Wasovieti waliingia Desemba 1979, wakatoka 1989, mujahidina wakapigana wenyewe kwa wenyewe, wakaja Taliban, kisha hawa Wamarekani na wenzao. Waingereza walipopelekwa Helmand 2006 wakulima wa kule wengine walisema wamerudi kulipiza kisasi cha Maiwand. Maiwand ni vita vya 1880 mwanangu, Waingereza walichapwa vibaya jirani hapo Kandahar. Yaani New York ya juzi hawaijui lakini Maiwand wanaijua, na wewe waniambia watu hao hawana habari?

Ndo nikasema kucheka mumekosea. Hebu kesho simama mbele ya darasa lako uwaulize Kaya Fungo, ile kaya takatifu ya Wagiriama, ililipuliwa na nani. 1914, Waingereza walitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi zao na watu waondoke kaskazini ya mto Sabaki, Mekatilili, yule mama aliyewaongoza kupinga, ameshawaapisha watu wasikubali, wakaenda wakaitia baruti kaya yao. Ukienda Kilifi wazee watakusimulia kama jana. Darasani kwenu wangapi watainua mkono? Na hamjakaliwa na mtu, muna intaneti na kila kitu.

Sasa hizo kampeni za habari ulizoniuliza, za Wamarekani na wenzao kuwavuta watu wa Afghanistan. Pesa waliyotia kule si mchezo. Ndege zilimwaga vikaratasi, zingine zilikuwa na mitambo zinarusha redio kutoka angani, watu wakagawiwa redio za kuzungusha kwa mkono hazitaki betri, baadaye kwenye kambi wakaweka vistesheni vidogo na watangazaji wa pale pale wanapiga muziki na salamu. Hayo ya redio mimi siyadharau, mtu akipata redio ya bure atasikiza. Ila atasikiza kisha amuulize jirani yake.

Na makosa waliyofanya! Oktoba 2001 waliangusha pakiti za chakula, manjano. Na vile vibomu vya kutawanyika vilivyokuwa vinaangushwa siku hizo hizo, manjano vilevile. Ikabidi watangaze redioni jamani msichanganye, kisha ndo wakasema watabadilisha rangi ya chakula. Sasa wewe mama wa kijijini una watoto wanne wana njaa, umeona kitu cha manjano shambani, na redio huna. 2007 huko Khost wakaangusha mipira ya watoto yenye bendera za nchi mbalimbali, mmojawapo bendera ya Saudia. Si waijua ina nini pale katikati? Shahada, ile ya imani yetu ya Kiislamu. Mtoto aipige teke! Watu wakaandamana. Na 2017, miaka kumi baadaye, bado hawajajifunza, Parwan wakamwaga kikaratasi cha simba anamfukuza mbwa na mbwa mgongoni amechorwa bendera ya Taliban, yenye shahada hiyo hiyo. Jenerali wa Kimarekani akaomba radhi. Mimi hujiuliza hicho kikaratasi kilipita meza ngapi, hata Mwislamu mmoja hakukiona? Mtoto wa madrasa hapa Majengo angewaambia bure.

Lakini hata kingekuwa kizuri, kikaratasi hakishindi msiba. Agosti 2008, Azizabad huko Herat, ndege zikapiga kijiji usiku. Wamarekani wakasema raia waliokufa ni watano mpaka saba. Umoja wa Mataifa ukasema 90, na 60 kati yao watoto. Baadaye Wamarekani wenyewe wakapandisha wakasema 33. Mwanangu, kijijini makaburi yanahesabika, aliyechimba anajua amechimba mangapi. Ukishamwambia mtu huyo ni saba, kesho hata ukimwambia chanjo ni nzuri hakusikii.

Ghasia za Likoni 1997 mimi nilikuwepo, wewe bado unanyonya. Vilienea vikaratasi vya kuwaambia watu wa bara waondoke. Mimi hata sikuvisoma vizuri, nilikuwa naangalia magodoro. Ukiona mkokoteni una godoro na sufuria unashuka kwa feri wajua mtaa fulani umeamini, na ukiona mama fulani bado anakaanga viazi karai pale pale wajua huko bado. Serikali redioni yasema hali shwari. Sisi twaangalia magodoro.

Waliofaulu kule Afghanistan unajua nani? BBC, na mchezo wao wa redio wa kijiji cha kubuni, ulianza 1994 hata kabla Taliban hawajaingia Kabul. Watu wanagombana, wanaoana, na katikati ya ugomvi mmoja anamkataza mtoto asiguse bomu la ardhini. Ulikuwepo kabla majeshi hayajaja. Ni kama babu yako na Idhaa ya Kiswahili, serikali ingesema mvua inanyesha naye angengoja saa ya BBC ndo achukue mwavuli.

Sasa hiyo projekti yako ya Desemba ya kuhoji watu Kwale. Ukinisikia mimi, gari liache barabarani, uende na miguu, tena fulana ya chuo usivae. Siku ya kwanza usitoe fomu kabisa, kaa, kunywa maji utakayopewa hata kama ni ya rangi. Na uwaulize wanawake jikoni, si mbele ya waume zao. Mwalimu akikwambia muda hautoshi, muda wa kuandika uongo ndo unatosha? Usimwambie hivyo lakini, utafeli.

Ile kofia ya kampuni bado iko, babako huivaa akipaka boti rangi. Ukija niletee chaja yangu uliyoondoka nayo.

Mamako